Kifuniko Kimeinuka

Alikileta ndani ya soksi ya sufu,
theluji ya Hakodate ingali mabegani mwake.
"Hakiwaki," akasema. "Na siku hizi
hakitulii mezani."

Nikakilaza juu ya kaunta. Kweli, kilipepesuka,
kigoda chenye mguu mfupi.
Mgongo umetuna. Kati ya kifuniko na fremu
ufa wa kumeza kucha.
Kitufe cha kulia hakibonyei:
kimesukumwa kutoka ndani,
na ndani hamna mtu.

Jina lake Ritsuko, mhasibu wa kiwanda cha ngisi wakavu.
Kimashine ni cha kaka yake, Haruomi,
aliyehama miaka tisa iliyopita bila kugombana na mtu,
jambo ambalo, anasema, halina dawa,
maana ugomvi una suluhu.
Jana alikichomeka kwenye chaja
aone kama ungalimo ule mji wa gemu
walioujenga wawili, majira ya mvua, chini ya blanketi moja.

"Kwa muda gani?"
"Dakika arobaini."
"Kilipata moto?"
"Kama paji la mtoto mwenye homa."
"Kilinuka?"
Akafikiri. "Utamu fulani. Kama dawa ya kufutia rangi ya kucha."

Nikaacha kutabasamu.

Unaona doa hili jeusi mezani?
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na haraka.
Betri ilikuja imefura kama mochi,
kile kitumbua chetu cha mchele, juu ya makaa.
Nikaibonyeza kwa gumba, irudi ilikotoka.
Hairudi. Gesi ikishazaliwa haina tumbo la kurudia.
Ilitoa mluzi kwanza. Kisha moshi mweupe.
Kisha nikajua kukimbia.

Kwa hiyo sasa nakwenda polepole,
kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala.
Dirisha wazi, baridi na iingie.
Pete nimeivua. Bati la biskuti karibu,
nusu yake mchanga wa ufuko wa Omori.
Skrubu nne; ya tano imejificha chini ya kibandiko.
Nachomoa kwanza waya wake mdogo:
umeme haupiti tena, ila hasira ingalimo.
Gundi naipa matone ya spiriti, nasubiri,
napitisha uzi wa kusafishia meno, huku na huku,
kama anayekata sabuni.
Bisibisi haigusi hapa. Kisu ndiyo kabisa.
Usiikunje, usiitoboe, usiikande;
na ukiwa nyumbani usiniige: kizime, usikichaji,
kiweke mbali na mapazia, ulete.

Ikatoka. Kimto cha fedha,
kimejaa kama shavu la mpiga tarumbeta.
Nikazifunga ncha zake kwa utepe, nikaizika mchangani,
bati likaenda nje kwenye ngazi za saruji
lisubiri watu wa manispaa wa taka za hatari.
Si pipa la jikoni, si lile la makopo;
malori ya taka yamewahi kuungua kwa kidude kama hiki.

Ritsuko alilitazama bati kupitia kioo.
"Na mji umo humo?"
"Hapana. Mji uko huku, kwenye bodi,
ndani ya kijipande hiki cheusi. Kule hamkuwa na kitu
ila pumzi."
Akaketi ghafla,
kama miguu yake ndiyo iliyochomolewa waya.

Alhamisi betri mpya ikafika. Nikakaza skrubu zote tano.
Kimashine kikatulia mezani, hakiyumbi.
Kikawaka. Kabla ya mji, kabla ya jina la mtu yeyote,
kikauliza kinachouliza kila kilichokaa gizani mno:
leo tarehe ngapi?

Kidole chake kikabaki hewani.
Kalenda ilikuwa ukutani, nyuma yangu.
Hakuitazama.